Gurudumu Ndani ya Moshi

Septemba 1918, lori lilipanda barabara ya mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, Marekani, likiwa limebeba injini ya ndege. Safari iliishia kileleni, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kiongozi wa msafara alikuwa Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, na alikwenda huko kutafuta jibu la swali moja: je, moshi unaotupwa na injini unaweza kuirudishia injini hiyo hiyo nguvu inayoipoteza mahali penye hewa hafifu?

Injini ilikuwa ya aina ya Liberty, silinda 12, iliyobuniwa kwa haraka kwa ajili ya ndege za Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilipopimwa bondeni ilitoa takriban nguvu farasi 350. Kileleni, bila msaada wowote, ikatoa 230 tu. Ndipo Moss akaifungia kifaa chake. Moshi wa silinda ulielekezwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, gurudumu likazunguka kwa kasi kubwa, na kwenye mhimili huo huo kompresa ikawa inavuta hewa ya mlimani, kuibana na kuisukuma ndani ya injini. Kipimo kikapanda hadi 356. Injini ilifanya kazi juu ya mlima kana kwamba haijaondoka bondeni.

Umuhimu wa jambo hilo anauelewa vizuri dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba. Akifika Timboroa yuko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, na kila silinda inayovuta pumzi hapo inapata kama robo tatu tu ya hewa ambayo ingeipata bandarini. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote. Injini isiyo na turbo, jina la leo la kifaa kama cha Moss, hutoa moshi mweusi, huishiwa nguvu, na dereva hushusha gia hadi ya chini kabisa.

Vita viliisha Novemba mwaka huo huo, kabla kifaa cha Moss hakijapata nafasi ya kutumika vitani. Majaribio yakahamia angani. Tarehe 27 Februari 1920 rubani Rudolph Schroeder alipaa kutoka kiwanja cha McCook, Ohio, katika ndege ya LePere yenye injini ya Liberty na turbo ya Moss. Alivuka mita 10,000, kwenye baridi ya nyuzi 55 chini ya sifuri. Huko juu oksijeni yake ilikatika, akazirai, na ndege ikaporomoka kilomita kadhaa kabla hajazinduka na kuituliza. Alitua salama, ila macho yake yalikuwa yamejeruhiwa vibaya na baridi. Gurudumu la moshi lilikuwa limemfikisha mahali ambapo mwili wa binadamu ulishindwa kabla ya injini.

Moss, hata hivyo, hakuwa wa kwanza. Huko Winterthur, mji wa viwanda nchini Uswisi, kijana aitwaye Alfred Büchi alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hili kabla hata ya ndege kuwa na maana yoyote. Alizaliwa 1879, baba yake akiwa mmoja wa wakuu katika kampuni ya Sulzer iliyotengeneza injini na mitambo ya mvuke. Büchi alisomea uhandisi Zürich, akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza, na tarehe 16 Novemba 1905, akiwa na miaka 26, alipewa hataza nchini Ujerumani. Mchoro wake ulionyesha kompresa, injini ya pistoni na tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga, zote zikiwa zimeunganishwa katika mtambo mmoja.

Hesabu iliyomsumbua Büchi ilikuwa rahisi na ya kusikitisha. Injini za wakati wake zilipochoma mafuta, takriban theluthi moja ya nishati ndiyo iliyofika kwenye kranki. Sehemu kubwa ya iliyobaki iligawanyika kati ya maji ya kupoozea na bomba la moshi. Joto la kwenye rejeta ni la chini, halifai kwa kazi nyingi. Lakini moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na mamia ya nyuzi za joto, ukiwa na mgandamizo na mwendo. Huo ni utajiri unaotupwa hewani mara maelfu kwa dakika.

Kutoka kwenye hataza hadi kwenye chuma kinachofanya kazi kulikuwa na miaka 20. Büchi alijiunga na Sulzer 1909 na kuanza majaribio, lakini mapanga ya tabaini hayakustahimili joto, na kompresa za wakati huo zilikula karibu nguvu yote iliyookolewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vifaa vyote vya aina hii: gurudumu la moshi lazima lizunguke kwa kasi kubwa mno katika joto linalofanya chuma cha kawaida kiwe chekundu, na beri zake zilainishwe na oili ambayo nayo inataka kuungua. Kampuni ya Brown Boveri ya mji wa Baden, iliyokuwa na ujuzi mkubwa wa tabaini za mvuke, ndiyo iliyotengeneza turbo nzito ya kwanza mwaka 1924. Muda mfupi baadaye Ujerumani ikawa na meli mbili za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, ambazo injini zake za dizeli za silinda 10 zilifungwa mtambo wa Büchi. Nguvu ya kila injini ilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500, bila kuongeza silinda hata moja.

Meli zilikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Ukubwa wa mtambo si tatizo kwenye chumba cha injini cha meli, fundi yuko kazini saa zote, na juu ya yote injini hukaa kwenye mzigo ule ule siku nzima. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, pia ya Uswisi, ikaileta turbo kwenye injini ya lori. Ilichukua vita vingine na miaka mingi ya kutafuta aloi bora kabla jambo hilo halijawa la kawaida. Kufikia 1969 Scania ya Sweden iliuza injini ya V8 ya lita 14 yenye turbo na nguvu farasi 350, na leo ni vigumu kupata lori jipya la dizeli lisilo na turbo kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au popote pengine.

Turbo, pamoja na sifa zake zote, ina mpaka. Inachokichukua kutoka kwenye moshi inakitumia kusukuma hewa. Ikishatosheleza hewa hiyo, moshi uliobaki bado una joto na mwendo, na bado unatupwa. Wahandisi wa ndege ndio waliouliza swali lililofuata: kwa nini gurudumu la moshi lisisukume kranki moja kwa moja?

Jibu lililoruka kweli lilitoka kwa kampuni ya Curtiss-Wright ya Marekani. Injini yake ya R-3350 ilikuwa dubwana la silinda 18 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, ujazo wake lita 55. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wahandisi waliizungushia tabaini tatu, kila moja ikipokea moshi wa silinda sita. Tabaini hizo ziliunganishwa na kranki kupitia gia na kiungo cha oili kilichozuia mitetemo ya injini isivunje mapanga. Ustadi wao ulikuwa katika kutoziba njia ya moshi. Mapanga yalipangwa kuvuna mwendo wa moshi unaofyatuka kila valvu inapofunguka, si kuubana, kwa hiyo pistoni hazikupata kazi ya ziada ya kuusukuma nje. Kila tabaini iliongeza takriban nguvu farasi 150. Jumla yake ni kama 450 kwa injini moja, bila tone la mafuta zaidi.

Kwa mashirika ya ndege hilo lilikuwa jambo kubwa. Nguvu hizo ziliipa Douglas DC-7 uwezo wa kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani bila kutua, safari ambazo American Airlines ilizianzisha mwishoni mwa 1953. Miaka mitatu baadaye DC-7C ilivuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Marekani dhidi ya upepo, tena bila kusimama njiani kutia mafuta. Lockheed Super Constellation, ndege ya mikia mitatu ambayo wengi wanaihesabu kuwa nzuri kuliko zote za pistoni, ilitumia injini hizo hizo. Safarini, rubani aliishikilia injini kwenye nguvu moja kwa saa nane, kumi, kumi na mbili. Tabaini haikuhitaji zaidi ya hapo.

Bei yake ililipwa kwenye karakana. Mafundi, ambao kwenye karatasi walivijua vifaa hivyo kuwa tabaini za kuokoa nguvu, walizoea kuviita tabaini za kuokoa vipuri, kwa sababu ya vipande vya valvu na silinda vilivyofika humo. Injini zilipata moto mno na zilihitaji matengenezo ya mara kwa mara. Hata hivyo ni kosa kuzikumbuka kwa kuharibika tu. Katika injini za pistoni zilizowahi kubeba abiria wengi, hizi zilikuwa miongoni mwa zilizotumia mafuta kwa uangalifu mkubwa kabisa. Uingereza ilijaribu kwenda mbali zaidi na Napier Nomad, injini ya dizeli iliyounganishwa na tabaini kiasi kwamba mtu angeweza kubishana ni ipi inayoiendesha nyenzake. Nomad ilitumia mafuta kidogo ajabu, lakini mradi ulifungwa 1955 pasipo ndege ya kuibeba.

Kilichoua jitihada hizi zote mbili kilikuwa injini ya jeti. Oktoba 1958 Pan Am ilianza safari za Boeing 707 kati ya New York na Paris. Jeti zilikunywa mafuta kwa pupa, lakini mafuta yalikuwa rahisi, na abiria walifika katika nusu ya muda. Ujuzi wa miaka 40 wa kuvuna moshi ukawekwa kabatini.

Kabati lilifunguliwa 1973. Vita vya Oktoba vya Mashariki ya Kati vilifuatwa na vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, na bei ya pipa ikapanda mara nne hivi katika miezi michache. Tanzania na Kenya ziliumia kwa fedha za kigeni; Marekani iliumia kwa foleni ndefu za magari kwenye vituo vya mafuta. Hapo ndipo serikali ya Marekani ilipogharamia jaribio lililofanywa na kampuni ya Thermo Electron pamoja na kiwanda cha malori cha Mack. Kwenye njia ya moshi waliweka boila, na ndani ya boila kimiminika maalumu kilichochemka. Mvuke wake ukazungusha tabaini ndogo, tabaini ikasaidia kranki, kisha mvuke ukapoozwa na kurudi kwenye boila. Ni mtambo wa treni ya mvuke uliofinywa ukaingia kwenye lori. Katika majaribio ulipunguza matumizi ya mafuta kwa zaidi ya asilimia 10. Haukuingia sokoni, kwa kuwa uliongeza uzito, mabomba, rejeta ya pili na sehemu nyingi za kuvuja, na bei ya mafuta ilipoporomoka katika miaka ya 1980 hakuna mwenye malori aliyekuwa tayari kulipia yote hayo.

Njia ya tabaini na gia ndiyo iliyovumilia. Mwaka 1991 Scania ilitoa lori la injini ya lita 11 na nguvu farasi 400, lenye magurudumu mawili katika njia ya moshi. La kwanza ni turbo ya kawaida. La pili, lililofuata nyuma yake, lilizunguka hadi mara 55,000 kwa dakika, na mfululizo wa gia pamoja na kiungo cha oili ulishusha kasi hiyo hadi chini ya mizunguko 2,000 kabla ya kuikabidhi kwa kranki. Ulikuwa ni ule mpango wa Curtiss-Wright, ukiwa umeshuka kutoka angani na kutulia kwenye barabara za Sweden. Scania ilisema injini hiyo ilibadilisha asilimia 46 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho magari ya petroli ya wakati huo hayakukikaribia. Volvo na Detroit Diesel wakafuata katika muongo wa kwanza wa karne hii.

Magari madogo nayo yalijaribiwa. Desemba 2005 BMW ilionyesha Turbosteamer, mtambo wa mvuke uliofungwa kwenye injini ya lita 1.8. Iliutangaza kuwa unapunguza mafuta kwa asilimia 15 na kuongeza kilowati 10. Wengine waliweka kwenye ekzosi vipande vinavyogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, kwa kutumia tabia ya metali ambayo Thomas Johann Seebeck aliigundua 1821. Umeme ulipatikana, lakini kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichofika kwenye gari la dukani, na sababu haiko kwenye fizikia. Gari la mjini huwaka, huenda kilomita mbili, husimama kwenye taa, hutambaa kwenye foleni, huzimwa. Boila ikianza kupata moto, mwenye gari ameshafika sokoni. Kisha kichujio cha moshi chenyewe kinalihitaji joto hilo hilo ili kisafishe gesi zenye sumu, kwa hiyo atakayelivuna mapema mno atachafua hewa.

Ukiyapanga majaribio haya yote pamoja, tofauti kati ya yaliyofaulu na yaliyokwama ni mzigo. Gurudumu la moshi hulipa gharama yake pale injini inapovuta kwa nguvu, bila kupumzika, kwa muda mrefu. Ndiyo maana mitambo mikubwa kabisa ya aina hii haiko kwenye magari. Meli ya makontena Emma Mærsk, iliyoanza kazi 2006, ilikuwa na injini moja ya megawati 80 ya ubunifu wa Winterthur ule ule, na joto la moshi wake liliendesha tabaini zilizozalisha takriban megawati 8 za umeme. Karibu na Mombasa, kituo cha umeme cha Rabai chenye uwezo wa megawati 90 kinachoma mafuta mazito katika injini za dizeli, na joto la ekzosi zake huchemsha maji ambayo mvuke wake huzungusha tabaini ya ziada. Kwa kituo kisichohama, uzito si hoja. Kila kizio cha umeme kinachopatikana hivyo ni mafuta ambayo Kenya haikulazimika kuyanunua kwa dola, na ni ajabu kwamba habari kama hiyo haisimuliwi zaidi.

Gari lililoivunja kanuni ya mzigo lilitoka kwenye mbio. Mwaka 2014 Formula 1 iliweka sheria mpya: injini ya lita 1.6, mafuta yasiyozidi kilo 100 kwa mashindano, na ruhusa ya kufunga jenereta ya umeme kwenye mhimili wa turbo, ikizunguka hadi mara 125,000 kwa dakika. Dereva alipokanyaga, moshi uliozidi mahitaji ya kompresa uligeuzwa umeme na kupelekwa kwenye magurudumu. Alipoachia, jenereta ile ile ikageuka mota na kuizungusha turbo isilale, hivyo alipokanyaga tena nguvu ikaja papo hapo. Doa la miaka mingi la turbo, kule kuchelewa kuitika, likafutika.

Mercedes waliielewa sheria hiyo kuliko wote. Waliitenganisha turbo, kompresa mbele ya injini na tabaini nyuma, jenereta ikiwa katikati ya safu za silinda, na msimu huo walishinda mashindano 16 kati ya 19. Septemba 2017 walitangaza kwamba injini yao, ikiwa kwenye kitanda cha majaribio kiwandani Brixworth, Uingereza, imevuka asilimia 50 ya ufanisi. Nusu ya nishati ya petroli ilikuwa imegeuka kazi. Büchi, aliyefariki 1959, alianza na theluthi.

Honda waliteseka. Kati ya 2015 na 2017 jenereta yao iliharibika mara kwa mara, na timu ya McLaren waliyoihudumia ikabaki nyuma. Tatizo lilikuwa mhimili mrefu unaotetema kwa kasi ile ya kutisha. Utatuzi ulitoka kwa wahandisi wenzao wa kitengo cha injini za ndege, wanaotengeneza jeti ndogo ya HondaJet, ambao kazi yao ya kila siku ni mihimili ya tabaini. Mwaka 2021 Max Verstappen alitwaa ubingwa wa dunia kwa injini ya Honda. Teknolojia iliyofukuzwa angani na jeti ilikuwa imeokolewa na mafundi wa jeti.

Hata hivyo, Agosti 2022 wasimamizi wa mbio walipitisha sheria za 2026 zilizoiondoa jenereta hiyo. Ilikuwa ghali, ngumu kuitengeneza, na ilikuwa ukuta kwa kampuni mpya kama Audi. Hoja hizo zina uzito. Lakini ni hasara ya kweli kuona injini iliyovuka nusu ikirudishwa nyuma kwa hiari, wakati elimu ya kuitengeneza ilikuwa imeshalipiwa.

Malori hayajarudi nyuma. Mwaka 2019 Volvo iliwaletea wateja wa Ulaya lori la FH lenye injini ya lita 13 iliyofungwa tabaini ya pili katika njia ya moshi, ikiongeza nyutoni-mita 300 kwenye kranki, na ikaahidi kuwa pamoja na maboresho mengine mafuta yatapungua hadi asilimia 7. Kiwanda hakikulipendekeza kwa kila mtu. Wateja waliolengwa ni wale ambao malori yao hutembea zaidi ya kilomita 120,000 kwa mwaka kwenye barabara kuu, mizigo ikiwa mizito na mwendo ukiwa mmoja kuanzia asubuhi hadi jioni.